Jino la Juu, Maumivu ya Chini

Nilikuwa nimepeleka majoho ya kwaya niliyoyashona kule Mbalizi siku jino liliponishika kweli. Lilikuwa limenisumbua kwa majuma kadhaa, likija na kuondoka, zaidi asubuhi zile za baridi ya Mbeya ambapo ukifungua kinywa nje unajuta. Siku hiyo halikuondoka. Mama mmoja wa kwaya alinikaribisha chai, nikanywa funda la kwanza, na maumivu yakaanzia taya la chini upande wa kushoto, yakapanda mpaka sikioni, yakakaa huko. Nilishindwa hata kumweleza namna ya kupiga pasi yale majoho. Akanishika mkono, akanipeleka kliniki ya meno iliyo nyuma ya soko, akisema ni mpya na watu wanaisifu.

Nikalazwa kwenye kile kiti chao kirefu. Daktari akaingia amevaa barakoa na kofia, yakabaki macho tu. Nilipoyaona nilitaka kuinuka. Yalikuwa macho ya marehemu mume wangu.

"Karibu, shemeji," akasema.

Alikuwa mdogo wa mume wangu, daktari wa meno wa Dodoma. Wa Dodoma kwa jinsi nilivyojua mimi. Kumbe alikuwa amehamia Mbalizi tangu mwanzo wa mwaka, mwendo mfupi tu kutoka kwangu, na hakupiga simu wala kutuma salamu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kazi zilikuwa nyingi, alikuwa anajipanga kuja. Mtu anajipanga miezi yote hiyo kuja kumsalimia mke wa kaka yake? Hapo hapo nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Lazima nieleze kilichokuwa kati yetu. Mume wangu alikufa kwa figo. Tulimzika kwao Kilolo, mkoani Iringa, na siku ya kuondoa matanga ukoo ukaketi uani. Mama mkwe akauliza mbele ya watu wote kwa nini nilimkalisha mwanawe nyumbani mpaka akavimba miguu, ndipo nikakumbuka hospitali. Mimi ni Mnyakyusa niliyeolewa kwa Wahehe. Pale uani sikuwa na wa kunisemea isipokuwa huyu shemeji, maana ndiye peke yake aliyesomea mambo ya tiba, hata kama ni ya meno. Neno lake moja lingetosha kuwaeleza kwamba figo huharibika kimyakimya, mgonjwa akitembea na kucheka. Hakulisema. Aliinamisha kichwa akawa anachora ardhi kwa kijiti mpaka kikao kikaisha. Nilirudi Mbeya na swali la mama mkwe mgongoni kwangu, na tangu hapo sikukanyaga tena Kilolo.

Sasa mtu huyo ndiye alikuwa ananiambia nifungue kinywa.

Nilifungua, kwa sababu maumivu hayana kiburi. Nikamwonyesha kwa kidole jino lenyewe: gego la chini lenye tundu, ambalo ulimi wangu ulikuwa unalichokonoa kutwa nzima. Alilitazama kwa kioo kidogo, akaligonga taratibu kwa mpini wa kile kioo, akagonga na majirani zake. Kisha akahamia la juu, gego lililozibwa zamani nikiwa msichana, ambalo halikuwahi kunikosea. Alipuliza kitu cha baridi kwenye kipande cha pamba, akakigusisha jino la chini. Baridi ilichoma, akaondoa pamba, ikaisha palepale. Akagusisha la juu. Mara yale maumivu yangu yakawaka kule chini, tena yakaendelea kuwaka pamba ikiwa imeshaondolewa. Nikamwambia mkono wake umeteleza, amegusa la chini. Akasema haukuteleza.

Akapiga eksirei, akaniita nitazame kwenye kompyuta. Mimi niliona vivuli tu. Yeye akaeleza kwamba lile la chini lenye tundu uozo wake bado uko juujuu, ni la kusafishwa na kuzibwa, basi. Lakini la juu, chini ya kile kizibo cha zamani, uozo umepenya hadi kwenye kiini cha jino, mahali palipo na neva na damu. Hilo ukiliziba tu umefungia ugonjwa ndani. Linataka kutibiwa mzizi, yaani kile kiini kitolewe, mifereji ya mizizi isafishwe na kujazwa, la sivyo ling'olewe.

"Lakini linaloniuma ni la chini," nikasema.

"Najua unayasikia chini, shemeji. Ila linalolia ni hili la juu."

Nikamuuliza kama ni kazi ya siku moja. Akasema hapana, nitakuja mara kadhaa, kwa kuwa mizizi ya gego la juu ni mingi na inataka utulivu. Kisha, akivua glavu, akauliza kama watoto hawajambo chuoni, kama bado naishi nyumba ileile, akaongeza kwamba mama ananiulizia. Aliuliza kwa sauti ya chini kupita kiasi, na shaka yangu ikapata miguu. Jino linalouma eti ni la kuziba tu. Jino lisilouma ndilo la kutobolewa mpaka mizizini. Na mwenye kulitoboa anataka nirudi, nirudi tena, na huku anaulizia nyumba. Nyumba ilimhusu nini? Nilimwambia nitafikiri.

Akanipa dawa za kutuliza maumivu, akanionya nisichelewe. Jino la namna hiyo, alisema, linaweza kunyamaza ghafla, mtu akafurahi kwamba limepona, kumbe limekufa, na baadaye linamrudia na jipu. Hata hilo nililitilia shaka. Likiuma ni baya, likinyamaza ni baya zaidi. Nikaona ni maneno ya mtu asiyetaka mteja atoke mlangoni.

Nyumbani nikaanza kujichunguza mwenyewe. Kazi yangu ni ushonaji, na tangu utotoni nimezoea kukata uzi kwa meno, upande huo huo wa kushoto. Sasa nikawa nakata kwa mkasi huku nikisikiliza kinywa changu kama mtu anayemsikiliza mwizi nje ya dirisha. Nilikunywa maji ya baridi, nikasikia chini. Nikanywa uji wa moto, nikasikia chini, na ule moto ukaniuma hata baada ya kuosha kikombe. Nilichokonoa tundu la chini kwa njiti, na ajabu ni kwamba njiti ilipoingia haikuniuma sana. Hilo nililiona, ila nililiweka pembeni. Nilikuwa nimeshaamua nani ni mwongo, na jino langu sikutaka liwe shahidi wake.

Nilimpigia simu dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyeolewa Iringa mjini. Nilimsimulia yote. Akasema, "Mtu aliyekunyamazia mbele ya ukoo mzima, leo unampa kinywa chako?" Akasema kuna daktari mama pale Iringa, mtu mzima, amewatibu walimu wengi, niende nikatazamwe na macho mengine. Nilikata tiketi, nikapanda basi la asubuhi. Njia nzima, kuanzia mabonde ya mpunga ya Usangu hadi misitu ya misonobari ya Mafinga, nilishikilia shavu na kupanga namna ya kumtega huyo daktari. Niliapa sitamwambia kwamba nimeshapimwa. Madaktari wanajuana. Nikimtajia jina la mwenzake atalinda maneno ya mwenzake.

Yule daktari alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, mpole kama mhudumu wa kanisa. Nilimwambia gego la chini linaniuma, nataka liangaliwe, nikanyamaza. Hakunihoji sana. Aliniuliza kama maumivu yanakuja yenyewe bila kula kitu, nikakubali. Aliuliza kama huniamsha usingizini, nikakubali. Aliuliza nikigusa baridi au moto yanakaa au yanaondoka, nikamwambia yanakaa. Kila nilipojibu aliitikia kwa kichwa. Akagonga meno kwa mpini wa kioo. Akagusisha pamba ya baridi chini, kisha juu, na mambo yakawa yale yale ya Mbalizi. Nikamtupia dada yangu, aliyenisindikiza, jicho pale mlangoni aliposimama, nikajiuliza kama na yeye amezungumza na shemeji bila mimi kujua. Hivyo ndivyo shaka ilivyokuwa imenishika. Nilimshuku hata mtu niliyenyonya naye ziwa moja.

Daktari akavuta kiti chake karibu.

"Mama, nikikwambia ni la juu utaniamini?"

"Sitakuamini," nikasema.

Hakukasirika. Alisema wagonjwa wengi hawaamini, na yeye hawalaumu, kwa sababu neva za meno ya juu na ya chini upande mmoja hukutana njiani kabla ya kufika kwenye ubongo, na ubongo huweza kukosea mlango. Akasema tusibishane, tuliulize jino lenyewe. Akaniletea kikombe cha maji ya uvuguvugu, akaniambia niyashikilie kinywani upande wa kushoto mpaka maumivu yaamke. Yaliamka, chini, kama kawaida yake, yakapanda sikioni. Nikamwonyesha kwa kidole. Akamwita dada yangu aje ashuhudie nilipoonyesha.

Kisha akanidunga sindano ya ganzi juu tu, kwenye fizi ya lile gego lililozibwa. Alinieleza kabla, ili nisije nikasema amenichezea, kwamba ganzi ya juu haishuki kwenye taya la chini. Tukangoja. Dada alikuwa ameshika mkoba wangu kwa mikono miwili.

Yalikwisha. Sijui niseme vipi. Maumivu niliyoishi nayo kwa majuma, ambayo ningeapa mbele ya msalaba kwamba yako chini, yalififia yakatoweka, na lililotiwa ganzi lilikuwa la juu. Daktari akanifinya kidevu.

"Unasikia?"

"Nasikia."

Akanigusa mdomo wa chini, akagusa fizi ya chini kwa chuma chake. Kote nilisikia, taya langu la chini lilikuwa macho kabisa. "Na jino la chini linauma?" akauliza.

Halikuuma. Niliona aibu, na juu ya aibu nikaona hasira, kwa sababu nilikuwa nimesafiri mpaka Iringa kutafuta ushahidi dhidi ya mtu, nikapewa ushahidi wa kumtetea.

Ndipo nikamwambia kwamba nimeshapimwa Mbeya, na aliyenipima alisema hivyo hivyo. Alicheka kidogo. Akasema huyo daktari anaijua kazi yake, na kwa kuwa tiba ya mzizi inataka kurudi mara kwa mara, hakuna sababu ya mimi kusafiri kila mara wakati mtu mzuri yuko karibu na nyumbani. Lile la chini aliliziba siku ileile.

Usiku huo kwa dada tulikula viazi na maharage, mimi nikitafuna upande wa kulia. Dada alikuwa ametulia. Alisema, "Basi kuhusu jino amesema kweli." Nikamwambia ndiyo, jino. Lakini swali la nyumba, na kuhamia kimyakimya, na ile sauti ya chini, hivyo vyote bado sikuwa nimejibiwa.

Nilirudi Mbalizi. Shemeji hakuuliza nilikuwa wapi, ingawa aliona kizibo kipya kwenye jino la chini, maana kilikuwa kinang'aa. Alitia ganzi, akatoboa kizibo cha zamani, akafika chini ya uozo. Aliniambia niinue mkono nikiumia. Siku ya kwanza alitoa kiini na kuweka dawa, akaziba kwa muda. Nilipotoka nje nilitembea hadi stendi nikingoja maumivu yarudi, yasirudi. Kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze nilikunywa chai yangu ya moto nikaimaliza. Hata hivyo niliporudi mara ya pili nilijiandaa kama mtu anayeingia kwenye kesi. Nilijua lipo jambo.

Lilikuwepo. Alikuwa amewamba kipande cha mpira kinywani mwangu kikalizingira jino, kama kawaida ya kazi hiyo, nami nimelala nikitazama taa. Alikuwa anasafisha mizizi kwa visindano vyembamba, akikizungusha kimoja kati ya vidole, anakitoa, anachukua kingine. Akasema, bila kunitazama machoni:

"Shemeji, kaka alijua."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Alikuja kwangu Dodoma kabla hajaanza kuvimba. Nilimpeleka kupima mimi mwenyewe. Figo zilikuwa zimeshaharibika. Akaniapisha nisikwambie wewe, wala mama."

Nikaikumbuka safari hiyo. Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa mchele, akinunua Rujewa na kuuza mijini. Aliniambia anapeleka mzigo Dodoma. Alirudi na boksi la zabibu, tukaketi kibarazani tukala na watoto, akanitania kwamba namalizia nyeusi zote. Kumbe alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa ananitazama nikila.

Machozi yalinitoka yakateremka hadi masikioni, kwa jinsi nilivyolala. Nikainua mkono. Alisimama mara moja, akatoa kisindano, akauliza kama ganzi imeisha. Nikatikisa kichwa. Akaelewa. Alikaa na mikono juu ya magoti yake, glavu zikiwa na unyevu, nami nimelala na mpira kinywani.

Alimaliza kazi. Hilo nalisema kwa haki yake, hakuiacha katikati. Alijaza dawa, akaondoa mpira, akanipa maji nisukutue. Nilisukutua taratibu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikamwambia:

"Umechagua wakati ambao siwezi kukujibu."

"Ndiyo," akasema. "Nisingeweza vinginevyo. Nimehamia huku kwa sababu hiyo, na kila nikifika kona ya nyumba yenu nageuza."

Basi nilikuwa nimekosea kuhusu jino, ila sikukosea kuhusu mtu. Alikuwa na jambo, na kurudi kwangu mara kadhaa kulimfaa. Sikumpigia kelele. Mdomo wangu upande mmoja ulikuwa umekufa ganzi, maneno yalitoka yamelegea, lakini nilihakikisha anayasikia. Nilimwambia aliapa kwa kaka yake, hilo naliheshimu, ila kiapo hakikumkataza kusema kwamba sikujua. Angeweza kusema hivyo tu pale uani: shemeji hakujua. Nikamwambia twende Kilolo akaseme mbele ya mama, nami nikiwa nimeketi palepale na mdomo wangu mzima.

Alikubali haraka mno, nikashuku hata kukubali kwake. Mpaka tunapanda gari lake, nilikuwa nangoja apigiwe simu ya dharura.

Hakupigiwa. Tulisafiri usiku, tukafika Kilolo ukungu ukiwa bado haujainuka kwenye mashamba ya viazi. Mama mkwe alikuwa jikoni, amekunja miguu karibu na moto. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia. "Kamwene," akanisalimu, nami nikaitikia kwa Kihehe changu kibovu, nikaketi karibu na mlango, mahali pa mtu asiyejua kama atakaa. Shemeji hakutaka chai kwanza. Alipiga magoti mbele ya mama yake akasema yote, Kihehe kitupu, na mimi nilifuata maneno machache tu: Dodoma, hospitali, kaka, kiapo. Nilimkazia macho kwa kila neno, nisije nikaongopewa kwa lugha nisiyoijua vizuri. Wifi yangu, dada wa mume wangu aliyekuwa anakoroga sufuria, aliacha kukoroga. Nikamwomba anitafsirie kila kitu kwa Kiswahili. Akanitafsiria, na yalikuwa yale yale aliyoniambia kliniki.

Nilitarajia mama mkwe angekataa, au angenigeukia mimi kwa jambo jingine, kwa sababu mtu aliyekwisha kulaumu haachi kirahisi. Hakufanya hivyo. Alitazama moto muda mrefu. Kisha akamuuliza mwanawe swali moja, wifi akanitafsiria kwa sauti ya kunong'ona: kwa nini alikuambia wewe, na siyo mimi niliyemzaa? Mama akafunika uso kwa kanga akalia, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti, mabega tu yakipanda na kushuka.

Alipofunua uso aliniangalia mimi.

"Na wewe hukujua?" akaniuliza, safari hii kwa Kiswahili.

"Sikujua, mama."

Hakuniomba radhi, nami sikuingojea. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba aliniamini yote. Macho yake yalinipima kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa asichojua kama kitamtosha au la. Lakini alivuta jamvi, akasogea upande, akaniambia nitoke pale mlangoni kwenye baridi, nikae na yeye.